Third Lanark: uwanja upo, timu haipo

Kusini mwa Glasgow, kati ya Crosshill na Mount Florida, kuna bustani ya manispaa iitwayo Cathkin Park. Katikati pana kiwanja cha mpira chenye magoli yake. Pande tatu kimezungukwa na kingo za udongo zilizokatwa ngazi ngazi, na juu ya ngazi hizo vimesimama vyuma vya mlalo, usawa wa kifua cha mtu mzima, safu juu ya safu. Miti imeota katikati yake, mingine minene kiasi cha kukumbatiwa. Upande wa nne hauna kitu.

Tarehe 27 Februari 1954 watu 45,455 walijazana kwenye ngazi hizo kuitazama klabu ya Third Lanark, wenyeji wa uwanja huu, ikicheza na Rangers katika Kombe la Scotland. Tarehe 25 Aprili 1967, mechi ya mwisho ya ligi uwanjani hapo, walifika watu 325. Baada ya siku tatu timu ilicheza ugenini, ikafungwa, na haikucheza tena.

Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni mepesi: klabu ndogo kwenye mji wa Celtic na Rangers, mashabiki wakapungua, ikafa. Hayatoshi. Partick Thistle walikuwa mji huohuo, chini ya kivuli hichohicho, na wapo hadi leo. Queen's Park, majirani wa karibu kabisa, walikuwa wanacheza bila kulipa wachezaji mshahara, nao wapo. Third Lanark waliponzwa na kitu ambacho klabu nyingine zingekionea wivu: ardhi nzuri mjini. Ilifika siku ardhi hiyo ikawa na thamani kubwa kuliko timu iliyokuwa juu yake, na mwenye kauli kwenye bodi akaliona hilo.

Kwanza jina, maana linapoteza watu wengi. Lanark ni mji ulioko kusini-mashariki mwa Glasgow, na klabu hii haikuwa ya huko. Lanarkshire ni jimbo ambalo Glasgow ilihesabiwa ndani yake, na "Third" ni namba ya kikosi. Kuanzia mwaka 1859 Uingereza iliunda vikosi vya askari wa kujitolea, watu wenye kazi zao za kila siku waliofanya mazoezi ya bunduki jioni na Jumamosi. Kikosi cha tatu cha Lanarkshire kilikuwa Glasgow kusini. Tarehe 30 Novemba 1872 Scotland na England zilicheza mechi ya kwanza ya kimataifa kwenye kiwanja cha kriketi cha Hamilton Crescent, Partick, zikatoka 0–0. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 12 Desemba, askari wa kikosi hicho wakakutana kwenye ofisi yao ya Howard Street na kuanzisha timu. Jezi ilikuwa nyekundu kwa sababu koti la jeshi lilikuwa jekundu. Jina la utani la "Redcoats" limetoka huko, sawa na "Warriors" na "Volunteers". Lile lililopendwa kuliko yote ni "Hi-Hi", na husimuliwa kwamba lilizaliwa siku beki mmoja alipoubutua mpira juu sana na watazamaji wakapiga kelele za "juu, juu!" kwa Kiingereza chao. Kama kisa hicho kimetiwa chumvi au la, kelele yenyewe ilibaki kuwa wimbo wa Cathkin mpaka mwisho.

Mwaka 1873 walikuwa miongoni mwa klabu nane zilizoanzisha chama cha soka cha Scotland. Mwaka 1890 walikuwa miongoni mwa klabu kumi na moja zilizoanzisha ligi. Ukilisoma kundi lile la kumi na moja unaona namna ligi mpya ilivyowapepeta watu: Abercorn, Cambuslang, Cowlairs na Renton zote zilikufa mapema, na Vale of Leven haikudumu kwenye ligi. Renton walifukuzwa baada ya mechi tano tu za msimu wa kwanza kwa kosa la kucheza na timu iliyoshukiwa kulipa wachezaji kwa siri. Third Lanark walivuka kipindi hicho kwa sababu moja kubwa: hawakuwa timu ya kijiji cha kiwanda kimoja. Walikuwa kwenye mji uliokuwa unapanuka, na tramu na treni ziliwaletea watu.

Cathkin mbili, Hampden tatu

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapochanganya, na ukikosea hapa historia yote inapinda.

Cathkin Park ya kwanza haikuwa mahali bustani ilipo leo. Ilikuwa Govanhill, kando ya Dixon Road, kwenye kiwanja cha gwaride cha kikosi. Hiyo ndiyo iliyopokea mechi ya Scotland na England ya Machi 1884, Scotland wakashinda 1–0, na fainali za Kombe la Scotland za 1882 na 1886. Klabu ilikaa huko hadi 1903.

Uwanja unaouona leo ulijengwa na watu wengine. Queen's Park, klabu kongwe ya Scotland, walikuwa na Hampden Park ya kwanza, wakaipoteza pale njia ya reli ya Cathcart ilipopangwa kupita ndani ya kiwanja chao. Wakajenga Hampden ya pili jirani, ikafunguliwa mwaka 1884. Miaka ya mwisho ya karne wakaona hapatoshi: walitaka ardhi kubwa zaidi na iwe yao. Wakanunua eneo kusini kidogo, wakajenga Hampden ya tatu, iliyofunguliwa tarehe 31 Oktoba 1903 na ambayo ndiyo Hampden inayojulikana duniani. Hampden ya pili ikabaki bila mpangaji, Third Lanark wakaingia na kubeba jina lao la zamani. Kwa hiyo Cathkin Park ya sasa ni Hampden ya pili iliyobadilishwa jina. Ukisoma mahali kwamba mechi fulani ya miaka ya 1890 ilichezwa "Hampden", ilichezwa hapa.

Fainali ya 1889 ni mfano mzuri. Third Lanark walikutana na Celtic, klabu iliyokuwa kwenye msimu wake wa kwanza kamili. Siku ya mchezo, Jumamosi tarehe 2 Februari, theluji ilianguka nzito. Watu walikuwa wameshalipa na kuingia, kwa hiyo mechi ilichezwa. Third Lanark wakashinda 3–0. Tatizo ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zimelalamika kabla ya mpira kuanza kwamba kiwanja hakifai kwa fainali, na chama kikaamua mechi ile ihesabiwe ya kirafiki. Third Lanark walinung'unika, maana walishajiona mabingwa. Ikarudiwa tarehe 9 Februari, wakashinda 2–1, na kombe likawa lao kihalali. Mechi zote mbili zilichezwa kwenye Hampden ya pili, yaani walitwaa kombe lao la kwanza wakiwa wageni kwenye uwanja ambao miaka kumi na nne baadaye ungekuwa nyumbani kwao.

Msimu wa kuhamia, 1903–04, ulikuwa bora kuliko yote. Mwaka ule klabu ilikata kamba na jeshi, ikawa Third Lanark Athletic Club, na ikatwaa ubingwa wa ligi: pointi 43 katika mechi 26, enzi hizo ushindi ukiwa na pointi mbili. Hearts walifuata na 39. Mwaka 1905 wakaongeza Kombe la Scotland kwa kuifunga Rangers 3–1 baada ya sare ya 0–0, na mwaka uliofuata wakarudi fainali wakafungwa na Hearts 1–0. Tangu ligi ianze, klabu zilizowahi kuwa bingwa wa Scotland ni kumi na moja pekee. Hawa ni mmoja wao. Na hawakuchukua tena.

Kipa wa miaka iliyofuata, Jimmy Brownlie, alijiunga mwaka 1906 na akaichezea Scotland mara 16. Anakumbukwa pia kwa jambo lisilowezekana sasa. Mwaka 1910, Third Lanark walipocheza na Motherwell, makipa wote wawili walifunga, yeye na Clem Hampton wa Motherwell. Sababu ni sheria ya wakati huo: kipa aliruhusiwa kushika mpira kwa mikono popote ndani ya nusu yake ya uwanja. Aliweza kuudaka mbali na lango, akasogea karibu na mstari wa kati na kuupiga kwa nguvu kuelekea goli la pili. Mwaka 1912 sheria ilibadilishwa na mikono ya kipa ikafungiwa ndani ya eneo lake la hatari.

Kati ya hapo na miaka ya 1950 kuna kupanda na kushuka ambako hakuhitaji kusimuliwa mwaka kwa mwaka. Walibeba ubingwa wa daraja la pili 1935, wakafika fainali ya kombe 1936 na kufungwa 1–0 na Rangers, wakashuka 1953, wakapanda 1957. Jimmy Mason, kiungo mshambuliaji wao, alifunga goli la kwanza Scotland ilipoichapa England 3–1 Wembley mwaka 1949. Ally MacLeod, atakayekuja kuwa kocha wa Scotland kwenye Kombe la Dunia la 1978, alianzia soka lake la kulipwa hapa. Angalia tu jambo moja: ile rekodi ya watu 45,455 ya mwaka 1954 iliwekwa Third Lanark wakiwa daraja la pili. Anayesema klabu hii haikuwa na watu nyuma yake aanze na namba hiyo.

Magoli mia

Msimu wa 1960–61 ndio unaofanya kifo chao kiwe kigumu kueleweka.

Kocha alikuwa George Young, nahodha wa zamani wa Rangers na Scotland, mtu mrefu mwenye heshima kubwa, aliyeshika timu mwaka 1959. Mwaka huohuo walifika fainali ya Kombe la Ligi na kufungwa na Hearts 2–1. Golini alikuwepo Jocky Robertson, mmoja wa makipa wafupi kuliko wote waliowahi kucheza ligi kuu ya huko, takriban futi tano na inchi tano. Mbele walipangwa watano kwa mtindo wa zamani: Goodfellow winga wa kulia, Hilley, Harley katikati, Gray, na McInnes winga wa kushoto. Mashabiki wa umri fulani Glasgow waliyataja majina hayo matano kwa mkupuo mmoja, bila kuvuta pumzi.

Safu ile ilicheza mechi 34 za ligi na kufunga magoli 100 kamili. Siku ya mwisho walikuwa na 94, wakawafunga Hibernian 6–1 nyumbani. Alex Harley peke yake alipachika 42 katika mashindano yote. Upande wa pili wa jedwali walifungwa 80. Ukijumlisha unapata magoli 180, zaidi ya matano kila mechi. Walishinda 20, wakapoteza 12 na kutoa sare 2 tu. Timu isiyojua sare ni timu isiyojua kujilinda, na mtu wa mahesabu angesema pesa ya kwanza ingenunua beki wa kati. Walimaliza wa tatu kwa pointi 42, nyuma ya Rangers 51 na Kilmarnock 50.

Mwezi Januari 1961 kitu kilibadilika nje ya Scotland: ligi ya England ilifuta kikomo cha mshahara wa mchezaji. Mpaka hapo straika wa Glasgow alikuwa na sababu chache za kifedha za kuhamia Manchester. Baada ya hapo sababu zikawa nyingi. Klabu zote za Scotland ziliguswa, na kuuza wachezaji kukawa sehemu ya kawaida ya bajeti. Kinachotenganisha klabu hai na klabu mfu ni kile kinachofanywa na pesa ya mauzo. Harley alikwenda Manchester City mwaka 1962, Hilley akaenda Newcastle mwaka huohuo, Gray akamfuata Harley 1963. Huko City, msimu wa kwanza, Harley alifunga magoli 23 ya ligi kwenye timu iliyoshuka daraja. Hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Pesa zao hazikurudi uwanjani kwa sura ya wachezaji wa kiwango hicho.

Klabu inavyotekwa

Third Lanark ilikuwa kampuni yenye hisa. Hisa za klabu za namna hii ziliuzwa zamani kwa bei ndogo, kwa watu wa mtaa, zaidi kwa mapenzi kuliko biashara. Wenye hisa walipofariki zikarithiwa na wajane na watoto, nyingine zikasahaulika kabatini. Haziuzwi soko la hisa, hazina gawio la maana, na kwa hiyo ni rahisi kuzikusanya moja moja. Anayefikisha nusu na ziada anachagua wakurugenzi kwenye mkutano mkuu, na wakurugenzi ndio wanaoamua nani auzwe, nini kikarabatiwe na ardhi ifanywe nini. Shabiki anayelipa mlangoni kila Jumamosi kwa miaka thelathini hana kura hata moja kama hana karatasi ya hisa. Watu huliona kosa hili wakati limeshapita.

Mwaka 1962 Bill Hiddelston, aliyewahi kuwa kwenye bodi na kuondoka, alirudi akiwa na nguvu ya kuitawala. George Young alijiuzulu. Kuanzia hapo mambo yalienda kwa mpangilio ambao mtu yeyote aliyeona klabu ikifa atautambua.

Kwanza wachezaji wenye soko wanaondoka. Kisha viwango vinashuka na watazamaji wanapungua. Klabu ya daraja lile iliishi kwa mapato ya mlangoni, maana udhamini wa jezi haukuwepo na pesa ya televisheni ilikuwa ndogo sana, hivyo kila mtazamaji anayekosekana ni mshahara unaochelewa. Matengenezo yanaahirishwa. Uwanja unachakaa, na uwanja uliochakaa unafukuza watazamaji waliobaki. Baada ya misimu mitatu minne unaweza kusimama na kusema kwa uso mkavu kwamba uwanja huu ni mkubwa mno kwa timu hii, tuuuze.

Msimu wa 1964–65 ulitoa ushahidi wa kutosha. Mechi 34: ushindi 3, sare 1, vipigo 30. Magoli 22 ya kufunga, 99 ya kufungwa. Pointi 7. Ni miaka minne tu tangu wafunge mia, na sasa walikuwa wamefungwa moja pungufu ya mia. Wakashuka na hawakupanda tena.

Mpango ulikuwa ardhi ya Cathkin itumike kujenga nyumba. Eneo lenyewe lilifaa: dakika chache kwa treni kutoka katikati ya jiji, mitaa ya makazi pande zote. Lakini ardhi ya mjini haibebi bei ya nyumba mpaka manispaa ikubali kubadilisha matumizi yake, na Glasgow Corporation ilikataa. Hapo ndipo hesabu ilipovunjika. Timu ilikuwa imeshabomolewa kwa ajili ya mauzo ambayo hayakuweza kukamilika. Bila nyumba, ardhi ilikuwa kiwanja cha mpira tu, na kiwanja cha mpira bila timu yenye watazamaji hakilipi madeni.

Ajabu ni kwamba kukataa huko hakukuiokoa klabu, ila kuliokoa uwanja.

Aprili 1967

Mwaka 1967 ni mwaka ambao Waskoti wanaupenda kuliko yote katika soka. Tarehe 15 Aprili Scotland iliifunga England, bingwa wa dunia, 3–2 Wembley. Jumanne tarehe 25 Aprili Celtic walitoka 0–0 na Dukla mjini Prague na kuingia fainali ya Kombe la Ulaya, ambayo waliishinda mwezi mmoja baadaye Lisbon. Rangers nao walifika fainali ya Kombe la Washindi.

Jumanne hiyohiyo ya Prague, Cathkin Park, Third Lanark walitoka 3–3 na Queen of the South mbele ya watu 325. Gawanya watu hao kwenye ngazi zilizowahi kubeba elfu arobaini na tano: ni chini ya mtu mmoja kwa kila nafasi mia. Magoli sita kwa shilingi zao, angalau hawakupunjwa.

Ijumaa tarehe 28 Aprili walisafiri hadi Boghead Park kucheza na Dumbarton. Walifungwa 5–1. Goli lile moja lilifungwa na kijana Drew Busby, ambaye baadaye angejulikana zaidi akiwa na Hearts, na ndilo goli la mwisho la Third Lanark. Msimu ulikwisha wakiwa nafasi ya kumi na moja kati ya timu ishirini za daraja la pili. Isomeke vizuri: nafasi ya kumi na moja. Chini yao kulikuwa na timu tisa, na hizo zilianza msimu mpya Agosti bila wasiwasi. Msimamo wa ligi haukuiua klabu hii.

Kiangazi kile klabu ilifilisiwa, na ligi ikaendelea na timu kumi na tisa daraja la pili. Pengo hilo lilidumu hadi 1974, Meadowbank Thistle wa Edinburgh walipoingizwa. Wizara ya Biashara ya Uingereza ilifungua uchunguzi juu ya uendeshaji wa kampuni. Hiddelston alifariki Novemba 1967, kabla ya ripoti kutoka mwaka 1968, na ripoti ilimlaumu vikali. Wakurugenzi wanne walipatikana na hatia ya kuvunja sheria ya makampuni ya 1948 na kutozwa faini ya pauni 100 kila mmoja. Miaka tisini na tano ya klabu iliishia kwenye pauni mia nne.

Ukienda kuuona

Panda treni Glasgow Central, ile inayozunguka Cathcart, ushuke Crosshill au Mount Florida. Bustani iko kati ya vituo hivyo, unatembea. Hakuna kiingilio. Vaa viatu vinavyoshika, maana ngazi zina kuvu na majani yaliyooza na huteleza hata siku isiyo na mvua. Kama ni Desemba fika kabla ya saa nane mchana. Saa kumi kasoro jua limeshazama.

Anza na upande usio na kitu. Hapo ndipo lilipokuwa jukwaa la viti, pamoja na vyumba vya wachezaji na ofisi. Jukwaa ni paa, chuma na mbao, na vitu hivyo vina bei hata baada ya klabu kufa, ndiyo maana halipo. Ngazi za pande tatu zilizobaki ni udongo uliolundikwa na kushindiliwa, na hakuna anayenunua udongo wa mitumba.

Udongo huo una sababu yake. Tarehe 5 Aprili 1902, kwenye mechi ya Scotland na England uwanjani Ibrox, ngazi za mbao zilizosimama juu ya nguzo za chuma zilipasuka, watu wakadondoka ndani na 25 wakafa. Tangu hapo wajenzi wa viwanja Uingereza waliegemea kingo imara za udongo kuliko majukwaa ya kusimamia yaliyoinuliwa hewani. Kingo za aina hii haziozi, na mizizi ya miti inazishikilia badala ya kuzibomoa, angalau kwa miongo michache. Kinachoharibika ni zege la juu: maji yanaingia kwenye ufa, yanaganda, yanalipasua, na kila majira ya baridi kipande kingine kinameguka.

Sasa panda katikati ya ngazi uvitazame vile vyuma. Si vya kuegemea, ingawa watu waliviegemea. Umati uliosimama kwenye mteremko husukumana kuelekea chini goli linapokaribia, na msukumo wa safu ishirini ukifika chini unavunja mbavu za walio mbele. Chuma kinaukata msukumo huo kila baada ya safu kadhaa. Angalia pia kwamba havikupangwa vikifuatana kwenye mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Vinapishana, ili asiwepo mtu anayeteremka moja kwa moja bila kukutana na kizuizi. Wazoefu walijua pa kusimama: mbele ya chuma, kikiwa mgongoni, kamwe si nyuma yake, kwa sababu aliye nyuma ndiye anayebanwa kifua chake kwenye chuma watu wa juu wakimsukuma.

Wikiendi unaweza kukuta mpira unachezwa. Jina la Third Lanark limefufuliwa kwenye soka la ridhaa na la vijana, na jezi ni nyekundu ileile. Mzazi mmoja mmoja husimama kwenye ngazi zenye miti, wengi hubaki chini pembeni mwa mstari.

Ukiwa na saa mbili zaidi, maliza Hampden zote tatu kwa miguu. Ya kwanza imekuwa klabu ya mchezo wa kuviringisha tufe kwenye nyasi, Hampden Bowling Club, reli iliyoiondoa Queen's Park ikipita ubavuni. Ya pili ndiyo umetoka. Ya tatu iko kusini kidogo, na ndani yake kuna jumba la makumbusho ya soka ya Scotland. Kombe la asili la mwaka 1874, lile ambalo Third Lanark walilibeba 1889 na 1905, linatunzwa humo.